Nyongeza ya mshahara ikipita mlangoni kwa Bibi

Januari 2026 kima cha chini cha mshahara sekta binafsi kilipanda. Ridhiwani Kikwete, wakati huo waziri wa kazi, alitangaza Oktoba 2025: wastani kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi. Kabla ya hapo, Mei Mosi 2025 kule Singida, Rais Samia alikuwa ameshawatangazia watumishi wa umma kima cha chini cha shilingi 500,000 kutoka 370,000. Sisi tunaouza vitenge Kariakoo tulikuwa tunasubiri zamu yetu. Bosi wangu ameniongezea 50,000, na nimeipokea kwa furaha.

Wiki hiyo hiyo Bibi, anayetulelea watoto tukiwa kazini, akaniita pembeni. "Mama Imani, samahani mwanangu. Kuanzia mwezi huu ni elfu mbili na mia tano kwa siku. Unga umepanda, na huyu binti anayenisaidia naye kasikia redioni mishahara imeongezwa."

Ilikuwa elfu mbili. Kwa siku 26 za kazi, ni 13,000 zaidi kila mwezi. Sikumbishia hata kidogo, maana namjua anavyohangaika.

Bibi anakaa na watoto wetu sebuleni kwake, Mbagala. Makochi kayatoa barazani ili mikeka ienee. Chupa za uji zimepangwa dirishani, kila moja imebandikwa plasta yenye jina la mtoto, na ya yule asiyepatana na maziwa imechorwa msalaba mwekundu. Anajua nani halali mpaka apigwepigwe mgongoni na nani akinyamaza sana ujue homa inakuja. Alfajiri mlango wake uko wazi, kwa sababu sisi wa mjini tukichelewa kidogo tu, foleni ya Kilwa Road inatumaliza. Mtoto wa mwisho huchukuliwa usiku, taa zimewashwa. Mtu kama huyu akiomba mia tano, utaanzia wapi kumkatalia?

Kinachoniuma ni namna sheria ilivyompima mlezi wa watoto. Chukua amri ya mishahara ya 2022, iliyotumika mpaka mwisho wa 2025. Mfanyakazi wa biashara, kima cha chini 150,000. Mfanyakazi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri, 120,000. Anayelala kwa mwajiri, 60,000. Kwa hiyo mama aliyelipwa kima cha chini dukani, akiajiri dada wa kwenda na kurudi na kumlipa kama sheria inavyotaka, alibaki na 30,000 ya kodi, nauli na chakula. Haiwezekani. Ndiyo maana wengi wanaleta binti kutoka kijijini alale nao kwenye chumba kimoja, na wengine hata hiyo 60,000 hawamfikishii. Unaweza kupandisha viwango kila mwaka, lakini kama mshahara wa mlezi unatoka kwenye mshahara mdogo wa mama mwingine, mmoja akipata ahueni mwenzake anabanwa.

Sheria ya kazi inatupa likizo ya uzazi ya siku 84, halafu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Saa mbili hizo, mtoto yuko Mbagala na mimi niko Kariakoo, zinaishia barabarani. Angekuwa jirani na duka ningezitumia zote.

Ninachotaka ni vyumba vya watoto masokoni. Wanawake tumejaa sokoni, wenye meza wanalipa ushuru kila siku, na vyoo vimejengwa kwa sababu kila mtu anaelewa kuwa mtu hawezi kushinda sokoni bila choo. Mama mwenye mtoto wa mwaka mmoja naye hawezi kushinda sokoni bila mahali pa kumweka. Halmashauri itoe chumba, maji na umeme, sisi tulipe walezi. Ada ingeshuka bila kumpunja mlezi. Na kwa akina Bibi wa mitaani, ipo ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, mikopo isiyo na riba ambayo sehemu ya asilimia 4 ni ya wanawake. Wanakopeshwa washonaji na mamalishe. Walezi wa watoto nao wajiunge kwenye vikundi, waombe.

Wazazi wenzangu wa pale kwa Bibi nimeshawaeleza. Tumekubaliana kwenda naye kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata kuulizia mkopo, halafu ustawi wa jamii kuulizia usajili wa kituo. Bibi ameomba tuende asubuhi, binti akiwa ameshawanywesha watoto uji.