Siku moja na wagonjwa wasiopumua

Saa 1:30 asubuhi. Faili nne mezani. Nilisomea eksirei Kenya, sasa nafanya kazi mochwari moja kaskazini mwa Uingereza. Mama bado anawaambia majirani niko "hospitali".

Saa 2. Mfuko wa maiti haufunguliwi; tunahakikisha namba tu na kuulaza kwenye sitiskani, mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili, ili chanzo cha kifo kitafutwe bila kisu. Kwa aliye hai ungebana mionzi. Hapa napiga picha za vipande vyembamba toka utosini hadi nyayoni, na picha hutoka safi kwa kuwa hakuna anayetikisika. Siku yangu ya kwanza nilisahau kuzima ile sauti ya mashine: vuta pumzi, shikilia. Mwenzangu alinitazama tu.

Saa 3. Mzee kaanguka jikoni kwake. Mwanawe alinisikia lafudhi pale mapokezi. "Dada, babangu watampasua?" Familia inataka azikwe haraka, mwili mzima. Sikuwa na jibu: uamuzi ni wa mchunguzi wa vifo wa eneo, na akiagiza upasuaji, familia haiwezi kukataa. Akikubali sitiskani, kwingine familia ndiyo hulipa, pauni mia kadhaa. Hili hunikera. Asiye nacho ndiye apasuliwe?

Picha zilipofunguka, moyo ulikuwa umezungukwa na damu, pete mbili, ya ndani nyeupe kuliko ya nje. Aota, mshipa mkuu wa damu, imechanika karibu na moyo, damu imejaa kwenye mfuko wa moyo hadi ukashindwa kupiga. Hapo kisu cha nini? Nilipita korido kimya. Si mimi wa kumwambia.

Saa 6. Daktari wa radiolojia anasoma picha. Mwanafunzi aliye naye aliona weupe nyuma ya mapafu akasema nimonia. Hapana: marehemu amelala chali, damu imeshuka chini. Kifo nacho kina picha zake, na asiyezijua atabuni ugonjwa.

Saa 8. Kijana aliyeishiwa pumzi ghafla. Nadhani ni bonge la damu mapafuni, lakini sitiskani haitofautishi vizuri bonge lililoua na damu iliyoganda baada ya kifo. Watafiti wa Leicester, hapa Uingereza, walichapisha matokeo mwaka 2017: wakiongeza dawa ya kung'arisha mishipa, walipata chanzo cha kifo kwa watu 193 kati ya 210. Hata wao, mabonge ya mapafu yaliwaponyoka. Huyu anakwenda kwa kisu.

Saa 10. Simu imetoka kwa mchunguzi wa vifo: mzee hapasuliwi. Mwanawe alikuwa ameshampigia mwosha maiti kabla hata karatasi hazijasainiwa.

Saa 11. Faili ya nne haina jina. Nimepiga picha za taya; kesho daktari wa meno atalinganisha.