Daftari la Luku

Nyumba tunayopanga hapa Sinza ina mita moja na kaya tatu, na kila luku ilipoisha tulikuwa tunatazamana kwa jicho baya. Mwezi uliopita tukakubaliana kwamba kila jioni mmoja wetu asome mita na kuandika uniti zilizobaki kwenye daftari lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa korido. Nilidhani tarakimu zingemaliza ubishi.

Jana tumelifungua. Tangu zamani nilikuwa na hakika kwamba mlaji ni pasi ya Mama Zawadi, ambaye kila usiku hunyoosha sare za watoto wanne, na macho yangu yalikwenda moja kwa moja kwenye siku za shule, ambazo kweli matumizi yalipanda. Yeye akaweka kidole kwenye siku nne nilizokuwa msibani Tanga, friji yangu ikiwa imezimwa: kutoka uniti 9 kwa siku tulishuka hadi 6. "Kaka, si unaona mwenyewe?" Nikamjibu papo hapo kwamba siku hizo mvua ilinyesha, hivyo feni hazikuwashwa. (Ilinyesha siku moja tu; nimelikumbuka hilo nikiwa kitandani.)

Aibu yangu ni kwamba jambo hili nalijua. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha jaribio la wanafunzi 48, nusu wakiunga mkono adhabu ya kifo na nusu wakiipinga, waliosomeshwa tafiti mbili za kubuni, moja ikionyesha kuwa adhabu hiyo huzuia mauaji na nyingine kuwa haizuii. Kila upande uliusifu utafiti ulioupendeza, ukautia dosari ule mwingine, na mwishowe wakasema imani zao zimezidi kuimarika. Hawakuwa wavivu wa kufikiri. Walifikiri sana, ila walipokwazwa tu. Mimi nami siku za shule sikuziuliza swali lolote, za Tanga nikaziitia mvua shahidi.

Kukubali nako kuna gharama, kwani kwa karibu mwaka mzima Mama Zawadi amechangia zaidi yangu kwa hoja yangu mwenyewe.

Leo asubuhi nimebana karatasi kwenye mlango wa friji, nikaivuta; upande wa chini imetoka bila kushikwa, kwa kuwa mpira umepasuka. Nimesimama pale kwa muda nikijiambia kwamba mpasuko wenyewe ni mdogo.