Pindo aliloshika yule mama

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii tukae na Luka 8:43–48, na pembeni tufungue Hesabu 15:37–41.

Tangu shule ya Jumapili nilimwona yule mama mwenye kutokwa na damu akitambaa vumbini, kanyoosha mkono katikati ya miguu ya watu mpaka akafikia mshono wa chini wa kanzu ya Yesu. Neno "pindo" nalo lilinipoteza zaidi. Nikilisikia naona kanga, ule mpaka unaozunguka mji wake.

Lakini Yesu alikuwa Myahudi, na alivaa kama Myahudi. Torati iliwaagiza wana wa Israeli wajifanyie vishada, yaani nyuzi zilizofungwa pamoja zikaning'inia, katika ncha za nguo zao, na kila kishada kitiwe uzi wa rangi ya samawi, ili wakiviona wakumbuke amri za Bwana. Mathayo anaposimulia habari ya mama huyu (9:20) anatumia neno la Kigiriki "kraspedon". Analitumia tena katika 23:5, Yesu anapowasema wanaojionyesha kwa kurefusha vishada vyao. Biblia yetu ya Kiswahili ya Union Version imeandika "pindo" kule na "matamvua" huku, basi tunapita bila kujua kwamba ni kitu kilekile. Siwalaumu wafasiri. Neno moja la Kiswahili la kubeba yote hayo wangelitoa wapi?

Bibi zetu hufunga hela kwenye ncha ya kanga. Aliyewahi kusimama akingoja bibi afungue kifundo ampe nauli anajua kwamba ncha ya nguo si mahali pa ovyo.

Kwa Kiebrania ncha hiyo ni "kanaf", na kanaf ni bawa pia. Ruthu alipomwambia Boazi atandaze nguo yake juu yake (Ruthu 3:9), neno ni hilo. Malaki naye anatangaza jua la haki "lenye kuponya katika mbawa zake" (4:2). Injili haisemi kama mama yule aliwaza Malaki siku ile. Ila msikilizaji wa Kiyahudi, akiambiwa kwamba mgonjwa kashika ncha ya vazi akapona, asingeacha kusikia sauti ya mbawa.

Hapa niseme jambo linalonikera. Mara nyingi mimbarani tunaambiwa kwamba mama huyu angekamatwa angepigwa mawe. Someni Walawi 15:25–27. Anayegusa kitanda chake au alichokalia anafua nguo zake, anaoga, anakuwa najisi hata jioni. Mawe hayapo. Tukiwafanya Wayahudi wakatili ili Yesu aonekane mpole, tunamsingizia Mungu aliyeitoa Torati, na Yesu hakuwahi kuhitaji msaada huo. Mzigo wa mama ulikuwa mzito vya kutosha bila chumvi yetu: miaka 12 ya kutokwa na damu, 12 ya kuwa najisi, na Marko anaongeza kwamba mali yote iliishia kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya.

Ndiyo maana alipita nyuma. Akashika kile kishada cha kukumbusha amri, yeye ambaye amri hizohizo zilimweka mbali na Hekalu. Hapo husimama kidogo kila nikisoma. Yesu hakuivuta nguo yake wala hakuuliza juu ya unajisi. Aliuliza, "Ni nani aliyenigusa?" Mama akajitokeza akitetemeka, akaeleza yote mbele ya watu, akaitwa "Binti". Katika Injili zote hakuna mwanamke mwingine ambaye Yesu anamwita hivyo. Na Yairo, mkuu wa sinagogi aliyemwita Yesu nyumbani kwake, yuko palepale, anasubiri kwa ajili ya binti yake wa miaka 12.

Jumamosi, mkipata nafasi, endeleeni hadi Marko 6:56. Sasa hakuna anayenyemelea tena. Wagonjwa wamelazwa sokoni, mchana kweupe, na watu wanamsihi Yesu wazi kabisa waguse ngaa pindo la vazi lake.