Nilivyoamua Kujiunga na Sororiti Huku Nikisomea Uhandisi

Nilipofika Indiana kutoka Moshi kusomea uhandisi wa mitambo, kila mtu alikuwa na neno lake kuhusu sororiti, yaani vyama vya udada vya vyuo vya Marekani vinavyojitambulisha kwa herufi za Kigiriki. Dada mmoja Mtanzania aliyenitangulia chuoni alisisitiza nijiunge upesi kwa sababu ajira hupatikana kwa kujuana. Mshauri wa masomo akanionya nisithubutu. Waliniudhi wote wawili, maana hakuna aliyeniuliza wiki yangu imebakiwa na saa ngapi.

Muhula wa kwanza nilijitosa bila hesabu. Usajili wa vyama vikubwa huenda kwa raundi: unazungushwa nyumba baada ya nyumba, unapokewa mlangoni kwa nyimbo, unazungumza dakika chache na mtu usiyemjua, kisha unasubiri kuona ni nani watakaokuita tena. Siku mbili nilikwenda. Ya tatu iliangukia saa za maabara ya fizikia, nami nikachagua raundi; alama za maabara ile sikuzipata tena, na kuliacha somo lenyewe nisingeweza, kwani viza ya F-1, yaani ya wanafunzi wa kigeni, inanitaka niwe na krediti, yaani vipimo vya uzito wa masomo, zisizopungua 12 kila muhula. Nilijitoa usiku uleule.

Ninachojivunia ni mbinu niliyoibuni baadaye. Nilivutiwa na sororiti ya Phi Sigma Rho, iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Purdue, hukohuko Indiana, mwaka 1984 na wanafunzi wa kike wa uhandisi ambao masomo yao, kama yangu, hayakuwapa nafasi ya kufuata usajili wa kawaida. Nilimwomba mwanachama mmoja ratiba yake ya muhula mzima, kisha kwa wiki tatu niliiishi kabla sijajiunga: Jumapili jioni, saa ya kikao chao, nilifunga vitabu nikatoka kutembea, Jumamosi, saa zao za kujitolea, nilikwenda kupanga vyakula vya msaada, na kila saa niliiandika daftarini, pamoja na zile za kibarua changu maktabani. Wiki mbili zilipita vizuri. Ya tatu niliichagua kwa makusudi kwa kuwa ilikuwa na mtihani wa themodinamiki, na anayetaka kujipima asichague wiki nyepesi. Humo nililala kwa muda wa saa nne tu kila usiku.

Basi nikarudi kwa yule mwanachama na daftari mkononi, nikamuuliza wiki za mitihani wao hufanyaje. Akanionyesha kwamba tawi lao hufuta vikao wiki hizo, na jioni hiyo hugeuka kuwa ya kusoma pamoja. Ada ilikuwa dola mia na ushei kwa muhula, nami nilihakikisha nimeijua kabla sijaanza kuwapenda.

Nilijiunga mwaka wa pili. Usiku wa kuamkia mtihani wa mekanika ya vimiminika tulikuwa wasichana tisa kwenye meza moja, na aliyenielewesha mlinganyo wa Bernoulli ni yule aliyenipa ratiba yake.