Goliathi na mwenzake wa kijani

Jumamosi nimeshinda kwa rafiki yangu hapa Berlin, anayefuga mbawakawa. Anao wa aina mbili, wote asili yao misitu ya ikweta, Kongo na Uganda: *Goliathus goliatus*, yaani goliathi, na *Mecynorrhina torquata*, yule wa kijani.

Wakishakomaa, undugu wao unajieleza. Wote hufyonza utomvu wa miti na matunda yaliyoiva sana, na wote huruka bila kufunua magamba ya mgongoni. Mbawa laini huchomozea ubavuni. Goliathi dume hufika hata sentimita 11, mgongo wa kahawia, kifua cheusi chenye mistari myeupe, pembe yenye ncha mbili. Wa kijani huishia sentimita 8 na kitu, lakini rangi ile! Nilipompakata kiganjani alinikita kucha. Ukimvuta kwa mbele ndiyo anazidi kung'ang'ania. Inabidi umnyanyue kuanzia nyuma. Jike wa goliathi yeye hana pembe, kichwa chake ni bapa kama koleo, cha kuchimbia udongo anapotaka kutaga.

Tofauti yenyewe iko kwa mabuu. Buu wa kijani mpe mbao zilizooza na majani yaliyogeuka mboji, ameridhika. Buu wa goliathi ukimwachia mboji tupu anadhoofika, anataka protini. Rafiki yangu humpa chakula cha mbwa, kidonge kimoja kimoja, na kinachobaki hukitoa kabla hakijaota ukungu. Nilimwona mmoja akikidaka kwa taya na kuzama nacho. Kila mmoja ana chombo chake, maana wakiwekwa pamoja hulana. Akishiba vizuri hufika gramu 100, mzito kuliko mbawakawa atakayetoka humo.

Goliathi alipewa jina la kisayansi na Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi, mwaka 1771, na sifa zote zimebaki kwake. Naona mwenzake ameonewa. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipotaka mdudu wa kumwongoza angani kwa redio, walimtumia *torquata*: walimbebesha kifaa mgongoni, wakampitishia nyaya hadi kwenye ubongo, naye akaruka. Kama ile ni heshima au mateso, mimi naegemea mateso.

Nimeahidiwa mabuu wawili wa kijani. Wa goliathi nimekataa. Sifugi mbwa, sasa nianze kununua chakula cha mbwa kwa ajili ya buu?