Mkono wa Kulia wa Mjomba

Mjomba wangu alistaafu jeshini, akajenga mjini Bombo, Uganda, na nyumbani kwake hadi leo Kiswahili ndicho lugha ya mezani, ya ugomvi na ya dua. Mwaka juzi tulimpeleka India kuunganishiwa mishipa mipya ya moyo, na mimi nilifuatana naye kama mtoto wa dada yake, ingawa kazi yangu ya kila siku ni uuguzi wa wagonjwa mahututi mjini Kampala. Upasuaji wenyewe ulikwisha salama, lakini usiku ule moyo ulikataa kusukuma damu ya kutosha, na kabla ya alfajiri madaktari walimwunganisha na ekmo, ile mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu kwa siku kadhaa huku viungo hivyo vikipewa nafasi ya kupona. Ninayoyaandika hapa yanahusu siku ya tatu ya mashine hiyo, siku ambayo sehemu moja ya mwili wake ilikuwa imeshiba oksijeni na sehemu nyingine ilikuwa na njaa, na kwa saa kadhaa hakuna skrini iliyotuambia.

Ili jambo lieleweke, lazima kwanza njia ya damu ieleweke. Bomba moja nene lilikuwa limepitishwa kwenye vena ya kinena hadi karibu na moyo, nalo lilivuta damu nyeusi iliyokwisha kutumika. Pampu iliisukuma damu hiyo hadi kwenye pafu la bandia, ambako ilipokea oksijeni na kutoa hewa chafu. Kisha ikarudishwa mwilini, nyekundu na safi, kupitia ateri ya paja, yaani mshipa unaopeleka damu mguuni. Tazama sasa mahali iliporudishiwa: chini, mguuni. Damu hiyo hulazimika kupanda kwenye aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, kinyume cha mkondo wa kawaida, kutoka kwenye nyonga kuelekea kifuani, ilhali moyo wa mgonjwa, kwa kadiri ya nguvu iliyobaki, unasukuma damu yake kutoka juu kwenda chini. Mikondo hiyo miwili hukutana ndani ya aota kama watu wawili wanaosukumana kwenye mlango mmoja, na mahali inapokutana huhama kwa kufuata yule mwenye nguvu zaidi. Moyo ukiwa hoi, damu ya mashine hupanda hadi karibu na moyo wenyewe na mwili wote hupata oksijeni. Moyo ukianza kupata nafuu, huirudisha damu ya mashine chini.

Kupona kwa moyo ni habari njema, ila kwa sharti moja, nalo ni kwamba mapafu yawe mazima. Damu inayotoka kwenye chumba cha kushoto cha moyo imetoka kwenye mapafu ya mgonjwa mwenyewe, wala haikupita kwenye pafu la bandia. Mjomba alikuwa ameingiwa na nimonia katika mapafu yote mawili. Kwa hiyo kadiri moyo wake ulivyozidi kupata nguvu, ndivyo ulivyozidi kupeleka damu yenye oksijeni haba kwenye matawi ya kwanza ya aota, na matawi hayo ya kwanza kabisa ni mishipa inayolisha msuli wa moyo wenyewe, ikifuatwa na shina linalogawanyika kwenda mkono wa kulia na upande wa kulia wa ubongo. Miguu, figo na matumbo vilikuwa vinapata damu safi ya mashine. Kichwa kilikuwa kinapata mabaki.

Wenzangu wengi waliowahi kuiona mashine ya moyo na mapafu wameiona katika chumba cha upasuaji, kama inavyotumika katika Taasisi ya Moyo ya Uganda pale Mulago, na ndiyo maana tatizo hili huwashangaza. Katika upasuaji ambao moyo husimamishwa, aota hubanwa kwa koleo karibu na moyo, na hakuna mkondo wa pili wa kushindana na mashine. Mashine ya aina hiyo ndiyo ambayo daktari mpasuaji John Gibbon alifaulu kuitumia kwa mgonjwa mjini Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Ekmo ya kitandani ni jambo jingine. Moyo unaendelea kupiga, siku baada ya siku, na kila saa unabadilisha mahali mikondo inapokutana.

Kutokana na hayo ndiyo ikawekwa kanuni kwamba mgonjwa wa namna hii hupimwa oksijeni kwenye mkono wa kulia: kipimo cha kidole, kinachosoma kwa mwanga asilimia ya oksijeni katika damu, kinawekwa kulia, na damu ya kupima gesi inatolewa kwenye ateri ya kifundo cha mkono wa kulia. Mkono wa kulia hupata damu kutoka tawi la kwanza la upinde wa aota. Mkono wa kushoto hupata kutoka tawi la mwisho, baada ya mshipa wa shingo wa kushoto, na tawi hilo linaweza kuwa tayari limefikiwa na damu ya mashine huku la kwanza halijafikiwa. Namba nzuri ya mkono wa kushoto haisemi chochote cha uhakika kuhusu ubongo, na namba nzuri ya kidole cha mguu haina maana hata kidogo.

Usiku wa kuamkia siku ya tatu mkono wa kulia wa Mjomba ulivimba, mrija uliokuwa kwenye ateri yake ukaziba, na mtu wa zamu akauondoa, akahamishia kila kitu kushoto. Simlaumu kwa kuuondoa mrija. Mimi mwenyewe ningeuondoa. Lakini hakuna aliyeandika wala kutangaza kwamba namba iliyokuwa ikisomwa haikuwa tena ya kulia. Asubuhi skrini ilisoma 97, na daktari aliyepita alifurahi kuona pengo kati ya presha ya juu na ya chini likipanuka, ishara kwamba moyo ulikuwa umeanza kusukuma wenyewe. Hizo zilikuwa habari za moyo. Kwa mgonjwa mwenye nimonia ya pande mbili, pengo hilo linapopanuka ndipo mtu anapaswa kugeuka na kuutazama mkono wa kulia.

Aliyegeuka alikuwa mkaza mjomba. Alikuwa ameruhusiwa dakika chache za kukaa kando ya kitanda, akamtazama mumewe kwa utulivu, kisha akaniita kwa sauti ya chini: “Mwanangu, njoo uone. Midomo yake si ile ya jana.” Nikainama. Midomo na ufizi vilikuwa na rangi ya kijivu, kama majivu yaliyonyunyiziwa maji, wakati kucha za miguu zilikuwa na wekundu mzuri. Nikamwomba muuguzi, kwa adabu lakini bila kungoja, akibandike kipimo kwenye sikio la kulia. Kilisoma 84.

Kuhusu rangi nina neno zito la kusema. Vitabu vinamweleza mgonjwa huyu kuwa wa rangi mbili, bluu juu na waridi chini, na msomaji hubaki akidhani ataiona tofauti hiyo kutoka mlangoni. Kwa ngozi zetu haionekani hivyo. Huonekana kwenye midomo, ulimi, ufizi, sehemu ya ndani ya kope na kwenye kucha, tena kwa anayejua rangi ya kawaida ya mtu huyo, kama mke anavyojua. Wala kipimo chenyewe cha mwanga hakituhudumii sawasawa: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, kwa wagonjwa wa Marekani, ulionyesha kwamba kipimo kiliposoma kati ya 92 na 96, damu ya ateri ilikuwa kwa kweli chini ya 88 katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa Weusi, na asilimia 3.6 kwa wagonjwa Wazungu. Ndiyo maana kwa mgonjwa mweusi aliye kwenye ekmo ninaiamini damu ya ateri ya kulia kuliko mwanga wowote, na pale penye vibandiko vya paji la uso vinavyofuatilia oksijeni ya ubongo pande zote mbili, ningependa viwekwe tangu saa ya kwanza.

Madaktari walipoiona 84 walikwenda haraka, na nawashukuru hadi leo. Waliongeza oksijeni na shinikizo kwenye mashine ya kupumulia ili mapafu yenyewe yaitakase vizuri zaidi damu inayofika kwenye moyo. Waliongeza kidogo mwendo wa pampu, lakini hawakuzidisha, kwa sababu pampu ikisukuma kwa nguvu sana moyo dhaifu hulemewa na mzigo ulio mbele yake na damu hurudi nyuma kujaa mapafuni. Sikio lilifika 88 likagoma. Jioni waliweka bomba la tatu, kwenye vena ya shingo, na kugawa damu safi ya mashine njia mbili: nyingine iendelee pajani, nyingine ishuke kwenye upande wa kulia wa moyo, ipite mapafuni ikiwa tayari na oksijeni, na hatimaye itoke kwenye moyo wenyewe kwenda kichwani. Mtaalamu wa mashine alikaa saa nzima akilikaza na kulilegeza koleo la bomba moja, akitazama mita ya mwendo wa damu, hadi sikio likasoma 95.

Hapa Kampala mgonjwa wa ekmo si wa kila siku zamuni kwangu, lakini aota ni ileile hata kwa mtoto aliyezaliwa jana. Mtoto mchanga hupimwa oksijeni mkono wa kulia na mguu mmoja, na namba zikipishana kwa zaidi ya 3 hatumwachi hivi hivi, kwani huenda mshipa uliopaswa kufunga baada ya kuzaliwa unapeleka damu isiyo safi sehemu za chini. Kwa mtoto huyo, juu ni kuzuri na chini ni kubaya, kinyume cha Mjomba. Niliporudi niliomba karatasi zetu za kumbukumbu ziongezwe safu ya kuandika kiungo kilichopimwa, na sasa ipo.

Mkaza mjomba alikuwa ameanza ya kwake mapema zaidi. Jioni ile ya bomba la tatu alinituma dukani nimnunulie daftari la shule, akalichora mistari kwa kalamu, akaandika juu: kulia, kushoto, mguu. Kila alipoingia aliomba namba tatu, na muuguzi aliyejibu namba moja tu aliombwa arudie. Siku ya sita bomba la pajani liliondolewa, kwa kuwa moyo ulitosha, na mashine ikabaki kuyasaidia mapafu pekee. Siku ya kumi waliondoa yaliyobaki. Ukurasa wa mwisho alioujaza una mstari mmoja, wa alasiri: 96, 96, 96.