Kumsoma Kezilahabi bila kuhesabu vina

Mwanafunzi wa kidato cha sita hapa Dar akipewa shairi la Euphrase Kezilahabi, mshairi na mwandishi wa riwaya wa Tanzania, mara nyingi huanza na alichozoea: anahesabu mizani (silabi za kila mshororo), anatafuta vina (silabi za mwisho zinazofanana), havioni, kisha anaandika "shairi guni". Hapo alama zimeshapotea. Guni ni shairi linalofuata umbo la kimapokeo halafu likachechemea, kina kimekosewa au mizani imezidi. Kezilahabi hakuchechemea. Aliliacha umbo hilo kwa kukusudia, na alilijua.

Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, akahitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, mwaka 1970. Mwaka uliofuata ikatoka Rosa Mistika, riwaya iliyozuiwa shuleni kwa muda kabla ya kurudi darasani. Kwa shahada ya uzamili pale Mlimani alimchambua Shaaban Robert. Shahada ya uzamivu aliipata Wisconsin-Madison, Marekani, mwaka 1985, kwa tasnifu kuhusu falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Alifundisha Mlimani miaka mingi, kisha Chuo Kikuu cha Botswana. Alifariki Januari 2020.

Kichomi, diwani (mkusanyo wa mashairi) yake ya kwanza, ilitoka mwaka 1974. Miaka 20 nyuma yake Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha sheria za kutunga mashairi, na kwa wengi ushairi ulikuwa ndio huo. Malumbano kati ya wanamapokeo na watunzi wa shairi huru, lisilofuata vina wala mizani, yakawa makali. Hoja ya Kezilahabi ilikuwa kwamba lugha ya mazungumzo ya kila siku inaweza kubeba ushairi, na naamini hoja hiyo imeshinda.

Tofauti yenyewe ionekane kwa mfano wa kutunga hapa hapa. Mshororo wa kimapokeo:

Daladala za Mbagala, abiria wagombana

Hesabu: mizani 8 kabla ya mkato wa katikati, 8 baada yake, kina cha kati -la, cha mwisho -na. Sikio linajua pa kupumzika kabla macho hayajafika. Sasa mtunzi wa shairi huru:

Konda amefunga mlango.
Mkono mmoja
umebaki nje.

Kina hakuna, lakini jaribu kuunganisha mistari hiyo mitatu iwe sentensi moja. Inakuwa taarifa tu. Kilichokuwa kinafanya kazi ni pale mstari ulipokatwa: "mkono mmoja" unasimama peke yake, msomaji anasubiri, hajui ni wa nani wala una nini. Kwa hiyo unapomsoma Kezilahabi, soma kwa sauti na unyamaze kidogo kila mwisho wa mstari. Kisha chagua taswira moja uifuate hadi mwisho, uone inageuka wapi. Dhamira itafute baadaye. Ukianza na dhamira, shairi lake "Kisu Mkononi" unalifanya somo la maadili, wakati ni mtu anayejiuliza kama aendelee kuishi.

Jihadhari na notisi za kudurufu. Mchapaji akibanwa na nafasi huunganisha mistari, na shairi linaharibika bila neno hata moja kubadilika. Ukipata Kichomi kwa wauza vitabu vya mitumba pale Posta, hata kama jalada limechanika, ni bora kuliko nakala hizo. Angalia tu kurasa zote zipo.

Baada ya Kichomi nenda Karibu Ndani (1988), halafu Dhifa (2008). Nagona na Mzingile usizikimbilie. Zinaitwa riwaya, ila zimejengwa kwa taswira zaidi ya visa, na anayezitafutia mtiririko wa matukio kama wa Rosa Mistika huzifunga kabla hajafika mbali. Aliyekwisha kuzoea kuifuata taswira moja ndani ya shairi lake huzisoma kwa njia ile ile, sura kwa sura, bila haraka ya kujua nini kitatokea.